Wanataka Niandike Kwamba Moto Ule Ulikuwa Zoezi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na siku zenyewe hazinitoshi, maana Ijumaa mchana, wakati wa mapumziko, meneja wetu wa uzalishaji alitangaza mbele ya safu zote kwamba mkaguzi wa wanunuzi atafika Alhamisi hii saa nne asubuhi, na kwamba mfanyakazi atakayezungumza naye ni mimi, kisha akaniita ofisini, akafunga mlango, akanisogezea daftari la mazoezi ya moto na kuniambia kuna ukurasa mmoja haujatiwa saini.

Mimi ni mshonaji, nashona kola, huu mwaka wa saba, katika kiwanda cha nguo za kupeleka nje, ghorofa ya pili, safu kumi na mbili za cherehani, watu mia tatu na kidogo, na kila shati tunalolimaliza lina lebo ya kampuni moja kubwa ya ng'ambo ambayo duka lake sijawahi kuliona isipokuwa kwenye kalenda waliyotuletea. Miaka mitatu iliyopita wanunuzi hao walisema kila kiwanda lazima kiwe na kamati ya usalama, basi meneja akanichagua mimi, kura haikupigwa, alisema nina sauti na nina meno mazuri, wenzangu wakacheka, nikapewa kizibao cha njano na filimbi, na tangu siku hiyo jina langu pale kazini ni Zimamoto. "Zimamoto, leo moto wa kweli au wa picha?" Ndivyo wanavyonisalimia asubuhi, na mimi huwajibu, "Wa picha, pakeni mafuta midomo."

Nieleze hizo picha ili unielewe. Karatasi ya wanunuzi inataka zoezi la kutoka nje kila baada ya miezi mitatu, na kila zoezi liwe na picha mbili, moja watu wakishuka ngazi, moja watu wamesimama kwa mistari wakihesabiwa. Uwanja wetu una malori ya kupakia siku nzima, hivyo meneja akaamua picha zote zipigwe kwenye ngazi za mbele, pale zinapokata kona, kwa kuwa kuna dirisha kubwa na mwanga unaingia vizuri. Napiga filimbi, safu ya kwanza inatoka, halafu ya pili, hivyo hivyo mpaka ya kumi na mbili, na wa mwisho kabisa ni wapiga pasi, kwa sababu aproni zao ni nyeupe na zinapendeza zikionekana juu kwenye ngazi nyuma ya wengine. Mimi natangulia, nikifika kwenye kona nageuka, nanyanyua mkono, wote wanasimama, naanza kuhesabu, picha inapigwa, tunarudi kwenye cherehani. Dakika tisa. Hatujawahi hata siku moja kufika chini.

Mwaka jana oda zilibana tukakosa mazoezi, na ukaguzi ulipokaribia tulipiga picha za mazoezi manne kwa siku moja, tukabadilishana vitambaa vya kichwa ili zionekane za miezi tofauti, na mimi nikatia saini mara nne kwa kalamu mbili. Tulicheka sana siku ile, sitaki kukudanganya. Wifi yangu alivaa kitambaa cha kijani cha mwenzake, akasema, "Leo nimeungua mara nne na bado napendeza."

Huyo wifi ni mdogo wake mume wangu, wa mwisho kuzaliwa kwao, mimi ndiye niliyemwombea kazi, na kazi aliyopewa ni kupiga pasi. Meza za pasi ziko mwisho kabisa wa ukumbi, na kutoka kwenye meza yake mpaka mlango wa nyuma ni hatua sita, nimezihesabu mwenyewe wiki iliyopita. Nje ya mlango huo kuna ngazi za chuma zinazoshuka mpaka chini. Lakini mlango wenyewe huwa na kufuli, wanasema ni kwa ajili ya wezi wa mashati, na mbele yake hupangwa makatoni ya mzigo ulio tayari, kwa sababu oda zikija kwa pamoja hakuna mahali pengine pa kuuweka. Mkaguzi akija makatoni yanaondolewa, mlango unafunguliwa, sakafu inapigwa deki, akiondoka vyote vinarudi, kama shuka la wageni.

Sasa, Jumanne wiki tatu zilizopita, saa tano asubuhi, waya wa mashine ya kukatia vitambaa uliungua, cheche zikaangukia rundo la mabaki ya vitambaa lililokuwa chini ya meza, katikati ya ukumbi, na vitambaa vile si pamba tupu, vikaanza kutoa moshi mweusi mzito. Nikapiga filimbi. Mtu mmoja akaniambia, "Zimamoto, mbona leo hujatuambia tupake mafuta midomo?" kabla hajasikia ile harufu. Na hapo watu wakatoka vizuri, mshauri, na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, walitoka vizuri sana, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna aliyepiga kelele, na wapiga pasi wakabaki wamesimama kwenye meza zao wakikohoa wakingoja zamu yao, na zamu yao ilipofika hawakugeuka nyuma, walitembea ukumbi mzima kuufuata moshi ili wafike ngazi za mbele, kwa maana ndiko tunakotokea.

Mimi nilikuwa nimetangulia. Nikafika kwenye kona ya ngazi, nikageuka, mkono wangu ukanyanyuka. Sikuuambia unyanyuke. Na wale wa mbele wakasimama, safu mbili nzima zikasimama kwenye kona kama nilivyowafundisha, na wa juu yao wakasimama, na moshi ukawa unawasukuma wale wa mwisho. Sijui zilikuwa sekunde kumi au ishirini. Nilipozinduka na kuwaambia wapite, huko juu watu walikuwa wameshaanza kuanguka, wifi yangu akaanguka vidato vingi, wawili wakamwangukia. Mafundi wawili wanaotengeneza cherehani waliuzima moto kwa mitungi ya kuzimia moto, haikufika robo saa. Hakuna aliyekufa. Daktari aliandika kwenye cheti kwamba wifi amevunjika mguu chini ya goti na amevuta moshi, wengine watano walitibiwa wakarudi nyumbani siku ile ile.

Baadaye niliwafuata mafundi kwenda kufungua mlango wa nyuma ili moshi utoke. Kufuli halikuwepo, wapakiaji walitoa mzigo asubuhi wakasahau kulirudisha. Kulikuwa na makatoni kumi na moja tu. Fundi mmoja akayasukuma kwa goti, mlango ukafunguka, akaniuliza, "Hiki ndicho kilichowazuia?" Hakuna kilichotuzuia, hakuna hata mmoja wetu aliyetazama upande ule.

Narudi kwa meneja na daftari lake. Aliniambia, "Dada, hapa tuandike zoezi. Tarehe ile ile, saa ile ile. Filimbi si ulipiga?"

Nikasema nilipiga.

"Watu si walitoka kwa safu?"

Nikasema walitoka.

"Wewe si ulisimama pale kwenye kona ukawasimamisha?"

Nikalitazama daftari.

"Basi lilikuwa zoezi, mtu mmoja akateleza. Mimi uongo siuoni." Kisha akaongea kwa upole, akasema kiwanda cha jirani mwaka juzi walimweleza mkaguzi kila kitu, oda ikahamishiwa nchi nyingine, na leo jengo lile ni ghala la mbolea. "Nenda kawaulize walioshona pale kama ukweli wao umewalisha." Akaniambia nafasi ya wifi yangu itamngoja mpaka apone, na daftari analitaka likiwa limetiwa saini Jumatano jioni.

Nilikwenda nyumbani nikamweleza wifi, nikidhani yeye ndiye atakayenikataza. Akasema, "Andika, wifi. Mguu utaunga. Oda ikiondoka haiungi."

Nikamwambia, "Lakini wewe ndiye uliyeumia."

"Ndiyo maana mimi ndiye mwenye haki ya kusema uandike." Halafu nilipokuwa nainuka na beseni la maji aliyonawia, akaniuliza, "Wifi, pale kwenye kona, ulituona moshi ulivyotufuata?"

"Niliwaona."

"Sasa ulikuwa unangoja nini, picha?"

Hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi. Leo asubuhi nimemvalisha soksi bila kumtazama usoni. Mume wangu anasema mambo ya kiwandani niyaache kiwandani, lakini kiwanda chenyewe kimelala kwenye kitanda cha chumba chetu cha mbele kimefungwa plasta.

Niambie, mshauri. Nikitia saini nitakuwa nimeufuta moto uliomvunja mtoto wa mama mkwe wangu, nisipotia saini na nikasema, watu mia tatu watanionyesha kidole mpaka nizikwe. Na swali lingine ambalo naogopa kuliuliza kwa mdomo: kosa ni la nani? Kampuni iko ng'ambo, meneja alikuwa ofisini, aliyenyanyua mkono ni mimi.

Ni mimi, Zimamoto.

MSHAURI ANAJIBU

Usitie saini. Hilo tulimalize kwanza, kisha tuzungumze mengine.

Pole, dada. Pole kwa wifi yako, na pole zaidi kwa hiyo soksi unayoivalisha huku unaangalia ukuta. Barua yako ilifika Jumamosi. Kabla ya kukujibu nimezungumza na watu watatu: afisa wa ofisi ya ukaguzi wa kazi, wakili wa chama cha wafanyakazi wa nguo, na mstaafu mmoja aliyekagua viwanda kwa niaba ya wanunuzi wa ng'ambo kwa miaka kumi na moja. Nitakuambia walichosema, pamoja na yale yasiyofurahisha.

Tuanze na saini. Meneja wako anakuambia haoni uongo. Wewe umeuona, na umeniandikia bila kujua kwamba umeuona: cheti cha daktari kinasema wifi yako alivuta moshi. Zoezi halitoi moshi. Nakala ya cheti hicho ipo hospitalini, ina tarehe na muhuri, na hakuna meneja atakayekwenda kuifuta. Siku yoyote mtu akikilinganisha na daftari, atatafutwa aliyeandika uongo, na jina litakaloonekana chini ya ukurasa ni lako. Meneja hajakuomba umsaidie kubeba mzigo. Amekuomba uubebe, yeye atembee mikono mitupu. Wakili amelisema kwa lugha yake: "Ajifanye kalamu imeisha wino, lakini asiandike."

Mimi sitaki ujifanye lolote. Sema, "Siwezi kuandika zoezi siku ambayo kulikuwa na moto," kisha funga mdomo. Usitoe sababu kumi. Mtu akipewa sababu kumi huchagua dhaifu kuliko zote akabishana nayo.

Sasa kosa ni la nani. Umeuliza kwa unyoofu, nami sitakupaka asali.

Mkono wako pale kwenye kona si kosa lako. Mkono ule ulifanya kile ulichofundishwa kwa miaka mitatu, tena ulifanya kwa utii, kama walivyofanya wale wapiga pasi waliongoja zamu yao katikati ya moshi. Zoezi halina kazi nyingine zaidi ya hiyo: kuufundisha mwili ili akili ikipotea mwili ukumbuke. Mazoezi yenu yalifanya kazi barabara. Yaliwafundisha kwenda mbele, kusimama kwenye kona na kungoja picha.

Kosa lako ni lile la vitambaa vya kichwa. Saini nne, kalamu mbili, siku moja. Mlicheka, na ningekuwepo huenda ningecheka na mimi, maneno ya wifi yako yanachekesha kweli. Lakini siku ile ulijua. Ulikubali kuwa mlinzi wa karatasi badala ya mlinzi wa watu, na kizibao hukukivua. Hilo ni lako. Si kubwa kuliko ya wengine, ila ni lako, na utalisema kwa mdomo wako mwenyewe kabla hujasemewa.

La meneja unalijua. Kufuli, makatoni, na huo ujanja wa kukuuliza maswali matatu ili jibu la nne ujipe mwenyewe.

Kubwa kuliko yote ni la yule ambaye lebo yake mnaishona kila siku. Najua watu watasema yuko mbali, hakuwepo, moto haukuwashwa na yeye. Tazama alichofanya akiwa huko huko mbali. Aliandika karatasi inayoomba picha mbili, hakuandika swali moja kuhusu mlango. Anayeomba picha hupewa picha. Hutangaza siku ya ukaguzi mapema, kana kwamba anakuja kuposa, nyumba ikafagiliwa na mabaya yakafichwa. Huleta oda kwa pamoja na tarehe zisizosogea, mzigo ukakosa pa kukaa ukakaa mlangoni. Yule mstaafu aliniambia hivi, nami nimemwomba ruhusa niyaandike: "Picha za watu kwenye ngazi nimepokea mamia. Zilikuwa nzuri. Hakuna bosi wangu hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama watu wale walifika chini." Kampuni inayovuna kutoka kwenye vidole vyenu haiwezi kusema miguu yenu haiihusu.

Najua unachokiogopa, nami sikidharau. Ghala la mbolea ni jambo la kweli. Nilimuuliza mstaafu moja kwa moja: mnunuzi akiambiwa ukweli ataondoka? Akasema, "Wengine huondoka. Asidanganywe." Siwezi kukuahidi kwamba oda itabaki, na atakayekuahidi hivyo usimwamini. Lakini kuna mawili meneja hakukuambia. La kwanza, shati lililokwisha kukatwa haliondoki kirahisi. Vitambaa viko kwenye meza zenu, tarehe ya kusafirisha imeshawekwa, na mnunuzi akitaka kukimbia leo atakimbia bila mashati ya msimu mzima. Kwa hiyo wiki hii, kuliko wiki nyingine yoyote, nanyi mna nguvu. La pili ni la wakili: kampuni hizi zimetangaza hadharani kwamba usalama wa mfanyakazi ni jukumu lao, na maneno ya hadharani yanaweza kudaiwa hadharani. Msiombe mnunuzi aadhibu kiwanda. Ombeni abaki na arekebishe: ahamishe mzigo mlangoni, alipie mlango unaofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani, na mazoezi mapya yanayoishia uwanjani. Mnunuzi anayesikia habari za moto akatoroka hajajiosha. Ameiacha hatari pale pale, na watu wake amewaacha nayo. Yaandikeni hivyo hivyo, yatumeni kwa ofisi yake kuu, asiachiwe mkaguzi peke yake kuyapeleka. Wakili atawasaidia na barua, hatawatoza.

Na Alhamisi? Mkaguzi akikaa mbele yako na karatasi yake, mwambie tarehe ile kulikuwa na moto. Ukiona ulimi unakuwa mzito, usihangaike na hotuba. Mpe filimbi yako. Mwombe aipige mwenyewe, saa yoyote anayoitaka, bila kumwambia meneja, kisha asimame karibu na meza za pasi atazame. Ataona wanawake walio hatua sita kutoka mlangoni wakingoja zamu, halafu wakitembea ukumbi mzima kwenda kusimama kwenye kona ya ngazi na kumtafuta mpiga picha. Hutakuwa umemshtaki mtu. Ukumbi wenyewe utakuwa umesema, na hakuna atakayekuonyesha kidole kwa ajili ya filimbi.

Kabla ya yote hayo kuna kazi ya nyumbani, na hiyo usiiache ifike Jumatano. Wifi yako alikuuliza swali hukulijibu. Alikuambia uandike kwa sababu anaogopa, na alikuuliza kuhusu picha kwa sababu anaumwa, na yote mawili yametoka kwenye moyo mmoja, usiyapiganishe. Leo ukimaliza kumnawisha, kaa. Mwambie, "Nilinyanyua mkono kwa mazoea. Niliwaona na mkono haukushuka. Nisamehe." Usiongeze "lakini." Akikaa kimya, mwache akae. Akilia, mwache alie. Kisha mwombe ruhusa ya kukichukua cheti chake, kwa maana kinamhusu yeye kabla hakijamhusu mwingine yeyote. Akikataa, usikichukue, utasema ya kwako bila cheti, na kila utakalosema litakuwa kweli. Ila mweleze hili, kwa maana nadhani hajaelezwa: daftari likisema ni zoezi na yeye aliteleza, basi siku mguu huo utakapomsumbua, baada ya mwaka au baada ya miaka kumi, kiwanda kitafungua ukurasa ule ule na kumwambia hakuwahi kuumizwa na moto wowote. Ahadi ya nafasi inayomngoja ameipata kwa mdomo. Saini inatakiwa kwa wino.

Mume wako mpe kazi moja tu. Akupeleke mpaka mlango wa ofisi ya ukaguzi wa kazi, arudi. Ataelewa akiwa njiani.

Na peke yako usiende. Kidole kimoja hakivunji chawa. Miongoni mwa wapiga pasi walioanguka kuna mmoja angalau anayelala akiwaza kama wewe, na huyo ukimgusa bega leo wakati wa mapumziko utamjua, wala hutahitaji maneno mengi. Huyo fundi aliyesukuma makatoni kwa goti naye alikuuliza swali zuri. Mtu anayeuliza hivyo hasahau.

Gazeti hili linatoka leo Jumatatu, na kwa ruhusa yako niliyoiomba jana kwa simu tumebadilisha jina lako la utani na idadi ya watu, na kuondoa majina yote yanayoweza kukitambulisha kiwanda. Ofisi ya ukaguzi wa kazi hupokea malalamiko ya wafanyakazi kwa siri, na aliyelalamika hatajwi kwa mwajiri. Afisa amenithibitishia hilo mara mbili. Akishaandika taarifa yenu, moto utakuwa umeingia kwenye kumbukumbu za serikali kabla meneja hajakuletea daftari jioni, na Alhamisi atakapokuja mkaguzi wa wanunuzi, mkaguzi wa serikali naye ana haki ya kuingia ukumbi ule ule saa ile ile.

Nimemwambia afisa kwamba watafika watu wawili au watatu kutoka kiwanda cha nguo. Hakuuliza majina. Chumba ni cha pili kushoto, ghorofa ya chini. Atakuwa kwenye meza yake keshokutwa, Jumatano, saa mbili kamili asubuhi.